Kipimo cha virusi vya HPV: jibu lake linasema nini?

Kansa ya mlango wa kizazi, karibu yote, hutokana na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya ngono. Kipimo cha molekuli hutafuta ADN ya virusi hivyo kabla kansa haijatokea. Tangu 2021, OMS inashauri kipimo hiki kwa wanawake kuanzia miaka 30, na kuanzia miaka 25 kwa wenye virusi vya SIDA. Mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu hapa Congo, inaweza kutoa jibu kwa saa moja hivi.

Wapendwa wa Mikelenge na kwingineko, kuonekana kwa virusi si kusema kansa ipo. Mara nyingi mwili huvishinda; vikibaki, huchukua miaka mingi kuleta kansa, na mganga anaweza kutibu mapema. Wala jibu hilo si ushahidi wa uzinzi: virusi vinaweza kukaa kimya miaka mingi, hata tangu kabla ya ndoa, na mume pia huvibeba.

Basi mume asimfukuze mke wake, amsindikize hospitalini. Wazee wa kanisa, msihukumu ndoa kwa karatasi ya maabara. Maombi na matibabu viende pamoja.