Kadi za Posta za Kumbukumbu: Kwa Nini Zihifadhiwe Nzima

Kadi ya posta ya kumbukumbu hutolewa na mamlaka ya posta kuadhimisha tukio maalumu, ikiwa na stempu iliyochapwa juu yake moja kwa moja. Hapo ndipo inapotofautiana na kadi ya picha ya dukani, ambayo mtumaji huibandika stempu mwenyewe. Bahasha zenye stempu ya kuchapwa nazo zimo katika fungu hilohilo.

Kadi ya kwanza ya posta yenye stempu ya kuchapwa ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba, 1869, kwa pendekezo la mchumi Emanuel Herrmann. Miongoni mwa matoleo ya mwanzo ya kumbukumbu ni bahasha za Marekani za mwaka 1876, zilizoadhimisha miaka 100 ya uhuru. Stempu yake inaonesha tarishi aliyepanda farasi pamoja na gari moshi.

Wakusanyaji wengi wa zamani walikata kipande chenye stempu wakatupa kilichosalia. Hasara yake ni kubwa, kwani stempu pekee haisemi mengi. Chukua mfano wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuanzia mwaka 1893, kadi zilizochapwa kwa matumizi ya Ujerumani ziligongwa juu yake thamani mpya kwa sarafu iliyoitwa pesa, ambapo pesa 64 zilikuwa rupia moja. Kufikia mwaka 1905 stempu za koloni zilihesabiwa kwa heller, 100 kwa rupia. Aliyekata stempu amebakiwa na tarakimu hizo tu. Mwenye kadi nzima anasoma muhuri na kujua kama ilitoka Tanga au Bagamoyo, siku gani, kwenda kwa nani, na pengine ilipokewa lini.

Kadi za kumbukumbu zina jambo lao. Kwa kuwa wengi huzinunua na kuziweka, zilizo safi mara nyingi hupatikana kwa urahisi kuliko zilizosafiri kweli kwa posta. Anayeanza asiidharau kadi yenye mwandiko na mihuri.

Katika hifadhi, adui mkubwa ni jua na unyevu, hasa maeneo ya pwani. Utepe wa gundi huacha doa lisilotoka, na kadi isilowekwe majini kama stempu ya kubandika. Kadi za jibu, zilizouzwa mbili zikiwa zimeshikana, zisitenganishwe.