Neno refu la Kiitaliano: linagawanywaje, linatamkwaje?

Msikilizaji wetu, tazama neno hili: precipitevolissimevolmente. Lina herufi 26, na maana yake ni "kwa haraka kupita kiasi". Waitaliano wenyewe hawalitumii kila siku. Hulitaja zaidi kwa mzaha au kwa kupimana ulimi.

Ukijua Kiswahili, tayari una msaada. Irabu za Kiitaliano zinakaribiana na zetu, na katika neno hili kila irabu inatamkwa. Ligawe hivi:

pre-ci-pi-te-vo-lis-si-me-vol-men-te

Hizo ni silabi 11. Mambo manne ya kuzingatia:

1. Silabi "ci" husomwa "chi", kama katika "chini". Kwa Kiitaliano, c ikifuatwa na e au i hutoa sauti ya ch.

2. Herufi ss hugawanywa: s ya kwanza hufunga "lis", ya pili huanza "si". Ivute kidogo. Usiidharau, kwani konsonanti mbili hubadili maana: "nono" ni "wa tisa", lakini "nonno" ni "babu".

3. Usiongeze irabu baada ya "vol" na "men". Si "volimenite". Funga l kama unavyoifunga katika "almasi".

4. Mkazo mkuu uko kwenye "men", silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyokazia "ta" katika "kitabu". Hapa tumebahatika tu, maana mkazo wa Kiitaliano huhamahama. Mji wa Napoli, tunaousikia sana kwenye habari za mpira, Waitaliano huukazia "Na", si "po".

Kwa nini silabi 11 zina uzito? Wapenzi wa mashairi wanajua kuhesabu mizani. Washairi wa Italia nao huhesabu, na mstari wao mashuhuri ni wa mizani 11, mkazo ukiwa kwenye ya 10. Hesabu tena: "men" ni ya 10. Neno hili moja linajaza mstari mzima! Katika karne ya 17, mshairi Francesco Moneti alilitumia hivyo hivyo.

Kujifunza, anzia mwishoni: mente, volmente, mevolmente. Ongeza silabi moja moja kurudi nyuma mpaka ufike "pre". Nenda polepole, hata kama neno lenyewe linasema haraka.