Namna tarakilishi inavyokata maneno ya Kiswahili

Katika safu nyembamba za gazeti au kitabu cha shule, neno refu lisipotoshea mwishoni mwa mstari hukatwa kwa kistari na sehemu iliyosalia ikapelekwa mstari unaofuata. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mpanga chapa. Siku hizi hufanywa na programu ya tarakilishi.

Mbinu mashuhuri zaidi ilielezwa na Franklin Liang katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1983, kwa ajili ya programu ya TeX iliyobuniwa na Donald Knuth. Programu hulinganisha neno na orodha ya vipande vya herufi vilivyotiwa tarakimu. Tarakimu witiri huruhusu kukata, shufwa hukataza, na zinapogongana iliyo kubwa hushinda. Kwa Kiingereza, vipande 4,447 vilitosha kupata takriban asilimia 89 ya mahali pa kukatia maneno ya kamusi.

Hata hivyo, vipande hivyo ni vya Kiingereza. Programu ikiachwa katika mpangilio wa lugha hiyo huweza kukata Kiswahili pasipofaa, na mtoto anayejifunza kusoma akapotoshwa kuhusu silabi.

Kiswahili chenyewe ni chepesi, kwani silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kanuni ya kukata baada ya irabu hugawa barabara majina ya Kaunti ya Kajiado kama Tu-a-la na Ki-te-nge-la. Vikwazo vitatu husalia.

Kwanza, ng' ni sauti moja. Programu inayodhani ritifaa ni alama ya kunukuu huweza kuandika kung-'oa badala ya ku-ng'oa.

Pili, maneno ya mkopo kama lab-da na dak-ta-ri yana silabi zinazofungwa kwa konsonanti, hivyo huhitaji orodha yake.

Tatu, majina yenye asili ya Kimaasai huweza kuishia kwa konsonanti. Kanuni hiyo pekee ingezaa Ngo-ng na Kiseria-n. Dawa yake ni kudai kila kipande kiwe na irabu.

Aidha, herufi moja haiachwi peke yake: m-tu ni silabi sahihi, lakini neno hilo halikatwi.

Kanuni hizo hazijazi hata ukurasa mmoja. Kazi kubwa ni orodha ya maneno ya mkopo, na hiyo humhitaji mjuzi wa lugha kuliko fundi wa mitambo.