Saa ya mkono wa mama
Miaka ya 1950 Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara Ifakara, wamisionari Waswisi walikuwa wameshatuzoea. Kwa hiyo saa ya Uswisi hapa haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa mkulima kuivaa. Mama alimnunulia muuguzi aliyekuwa akirudi kwao, kwa fedha za mpunga wa misimu mitatu. Shangazi zangu walinuna.

Haina betri. Ndani kuna kipande kizito kinachozunguka mkono ukitikisika na kukaza springi, ufundi ambao Mwingereza John Harwood aliutengenezea saa za mkono miaka ya 1920. Jembe na mchi viliijaza.

Tangu mkono wake upooze, saa husimama kabla ya siku mbili kwisha. Usiku naivaa mimi, asubuhi namrudishia.