UZI: Nani anashika daftari la pesa? Historia fupi ya kusomea fedha Kenya

1. Kila msimu wa siasa ukifika utasikia hoja mbili jukwaani, mara nyingi kutoka kwa mdomo uleule. Ya kwanza: vijana wanasomea kozi zisizo na soko, nchi imejaa wahasibu. Ya pili: pesa za umma zinaliwa na hakuna wa kuzichunga. Mimi nilisomea fedha chuoni na nimekula ugali wa ukaguzi wa hesabu kwa miaka kadhaa, na nikisikia hoja hizo mbili zimekaa meza moja huwa nauliza: kama wachungaji wamejaa hadi wanakosa kazi, mbona mali haichungwi? Jibu liko kwenye historia. Twende polepole.

2. Tuanze na mkoloni. Ofisi ya hesabu ilipangwa kwa rangi kama ilivyopangwa mitaa ya Nairobi. Mzungu alikaa juu akitia sahihi, Mhindi katikati akiwa karani na mwandishi wa vitabu, Mwafrika chini akibeba faili na kupeleka barua. Soko la hisa la Nairobi lilipoanzishwa 1954, Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kufanya biashara humo mpaka uhuru ulipokuja. Kwa hivyo babu yako alilipa kodi ya nyumba, lakini daftari lililoandika kodi hiyo hakuligusa. Kutojua hesabu za serikali hakukuwa bahati mbaya. Kulipangwa.

3. Mlango wa kwanza kwa wengi haukuwa benki, ulikuwa ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ya 1945 iliwafungulia Waafrika njia ya kusajili vyama vyao, na 1952 kukaanzishwa mafunzo ya wakaguzi wa ushirika. Chuo kilichotokana na mafunzo hayo ndicho leo Chuo Kikuu cha Ushirika kule Karen. Fikiria mkulima wa kahawa mlimani: amepeleka matunda kiwandani, yakapimwa, akapewa karatasi. Kati ya karatasi hiyo na pesa mkononi kuna makato ya usafiri, dawa, mkopo na ada ya chama. Anayejua kusoma makato hayo ndiye anayejua kama mkulima ameibiwa. Katika vijiji vingi karani wa ushirika ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza wa "fedha", na uchaguzi wa kamati ya kiwanda ulikuwa siasa kali kabla hatujajua kura ya ubunge.

4. Uhuru ukaja 1963. Bendera ilibadilika usiku mmoja, lakini viti vya hesabu havikubadilika hivyo. Ukitaka kuwa mhasibu kamili ulifanya mitihani ya vyama vya Uingereza, kwa sheria za kodi na kampuni za huko. Strathmore, iliyofunguliwa 1961, ilianza kufundisha uhasibu 1966. Mwaka huohuo Benki Kuu ya Kenya ikaanza kazi na tukapata shilingi yetu. Mwaka 1967 zikapita sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara ili nafasi ziende kwa raia. Tusifiche upande wa pili: familia nyingi za Wahindi ambazo hazikuwa zimechukua uraia zilifunga maduka na ofisi zikahama, wengi wakaelekea Uingereza. Lakini kumwondoa mtu kwenye kiti ni jambo moja, na kumpata wa kukikalia ni jingine.

5. Ndiyo maana Julai 1969 serikali ikaanzisha KASNEB, bodi ya kutahini wahasibu na makatibu wa kampuni hapa nyumbani. Ikafuata Sheria ya Wahasibu ya 1977, na 1978 chama chao cha kitaaluma, ICPAK, kikazaliwa. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine mwaka 2008. Watu wa siasa hurukaruka hapa kwa sababu hakuna kashfa, lakini hapa ndipo pana uzito. Tangu wakati huo sahihi ya mhasibu si ya mwajiri wake tu. Ni yake binafsi. Ana leseni, ana kanuni za maadili, na anaweza kuadhibiwa na wenzake hata kama bosi wake anamsifu.

6. Sasa chuo kikuu. Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1956, na kufikia 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wahitimu wa biashara miaka hiyo walikuwa wachache, na benki, wizara na mashirika ya umma yaliwasubiri. Mzee akikuambia alipata kazi kabla hajarudisha joho, usimbishie. Lakini pia usikubali aitumie hadithi hiyo kukuita mvivu, kwa sababu kilichofuata hakikumpata yeye.

7. Miaka ya 1990 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Kwanza, serikali ilipunguza wafanyakazi na kuuza mashirika yake kwa masharti ya wakopeshaji. Pili, vyuo vilivyopungukiwa na pesa vilitafuta wanafunzi wa kujilipia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza masomo sambamba 1998, na vingine vikafuata. Kozi za biashara na fedha zilipendwa na vyuo kwa sababu rahisi sana: hazihitaji maabara wala shamba. Unahitaji ubao, viti na mwalimu. Kampasi zikapanda ghorofani katikati ya miji, chini duka, juu darasa. Mlango wa kuingia ukapanuliwa wakati uleule mlango wa kutokea unabanwa. Huyo kijana unayemlaumu kwa kozi yake hakupanga hayo. Yalipangwa na waliokuwa ofisini.

8. Hata hivyo kazi hazikuisha, zilibadilika. Kila sheria mpya ilizaa kazi mpya. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilitokana na sheria ya 1989, KRA ikaanza 1995, sheria ya mafao ya uzeeni ikaja 1997, ya Sacco 2008. Kila mdhibiti akitaka ripoti, lazima awepo wa kuiandika na wa kuikagua. Kwa upande mwingine M-Pesa ilikuja 2007, na kazi ya kuhesabu noti dirishani ikaanza kuhamia dukani kwa wakala. Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019 riba ya mikopo iliwekewa kikomo cha asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na katika kipindi hicho benki kadhaa zilifunga matawi na kupunguza watu. Anayesomea fedha leo akitarajia dirisha la benki amechelewa. Kodi, ukaguzi, bima, pensheni, Sacco, mifumo ya malipo: huko ndiko kazi ilikohamia.

9. Na kuna mwajiri ambaye babu zetu hawakuwa naye. Katiba ya 2010 ina sura nzima, ya 12, kuhusu fedha za umma. Ilileta kaunti 47 zenye hazina zao. Mdhibiti wa Bajeti lazima aidhinishe pesa kabla hazijatoka. Mkaguzi Mkuu ana muhula mmoja wa miaka 8, ili asiwe na kibarua cha kuombea. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka kaunti ziwe na ukaguzi wa ndani pamoja na kamati ya kuusimamia. Kwa maandishi, nchi hii inahitaji macho mengi yaliyosomea fedha kuliko wakati wowote tangu uhuru.

10. Kwa maandishi. Wacha niwaambie nilichokiona. Niliwahi kukagua malipo katika ofisi moja ya umma, jina nawaachia. Vocha ilikuwa safi, mihuri yote ipo, kasoro hati ya kupokea bidhaa. Nikauliza vitu viko wapi. Nikajibiwa, kwa upole kabisa, "Andika tu vimefika, kijana, usitucheleweshe." Sikuandika. Hakuna aliyenitisha wala kunifokea. Jina langu lilikoma tu kuonekana kwenye orodha za kazi za nje, na marupurupu yakaenda na orodha. Aliyechukua nafasi yangu hakuwa mwizi. Alikuwa na mkandarasi akilini na karo ya watoto mfukoni. Hivyo ndivyo mali hukosa mchungaji huku wachungaji wamejaa: si uhaba wa elimu, ni bei ya kukataa.

11. Kwa hivyo mkibishana kuhusu ripoti za ukaguzi, jueni maneno yake. Maoni ya mkaguzi ni ya aina nne. Maoni safi: hesabu zinaonyesha hali halisi. Yenye kasoro: ziko sawa isipokuwa mambo yaliyotajwa. Mabaya: hesabu hazionyeshi hali halisi. Na kukataa kutoa maoni: mkaguzi hakupata ushahidi wa kutosha kusema lolote. Maoni safi hayamaanishi hakuna aliyeiba, na yenye kasoro hayamaanishi kila mtu ni mwizi. Lakini ofisi inayofanya mkaguzi akatae kutoa maoni imemnyima karatasi, na huyo si wa kupigiwa makofi jukwaani.

12. Tena kuna saa inayohesabu. Kifungu cha 229 kinampa Mkaguzi Mkuu miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kukamilisha ripoti. Kisha Bunge au bunge la kaunti lina miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Saa hiyo ikipuuzwa, kijana aliyekesha akikagua vocha amefanya kazi ya kupamba kabati.

13. Lakini mambo yanasogea. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaonyesha kodi ya mkate inaingiaje kwenye meza ya mama. Tarehe 25 wakajaa barabarani, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Hao tusiwafanye mfano wa darasani tu. Mswada uliondolewa. Daftari ambalo babu hakuruhusiwa kuligusa lilikuwa limefika kwenye simu ya kila mtu, na waliolisoma walilipia.

14. Basi mwanasiasa akija kwenu na wimbo wa "kozi zisizo na soko", msimzomee. Mwulizeni matatu. Mkaguzi wa ndani hapa anaripoti kwa nani, na nani anaweza kumhamisha? Ripoti ya mwaka uliopita ilijadiliwa lini, na nani alichukuliwa hatua? Nafasi za fedha zilitangazwa wazi au zilijazwa kwa simu? Akijibu, mpeni sikio. Asipojibu, mmejua soko limefungwa na nani.

15. Na wewe uliye chuoni ukisomea fedha: mitihani ya kitaaluma ianze mapema, jifunze kodi na mifumo, usidharau Sacco ya kijijini kwenu. Zaidi ya yote, ilinde sahihi yako. Kazi inaweza kupotea na nyingine ikapatikana. Sahihi ikishauzwa, hakuna duka la kuinunua tena.

Ukiwa na ripoti ya kaunti yako na hujui pa kuanzia, weka ukurasa wake hapo chini tuusome pamoja.