Kutoka Tukio hadi Taarifa: Historia ya Uwakilishaji wa Makosa ya Uhakiki wa Data katika Programu Zinazoegemea Objekti

Kila programu inayopokea data hukabiliwa na maswali mawili. Je, data hizo zinakubalika? Na ikiwa hazikubaliki, nani aarifiwe, na kwa namna gani? Makala haya yanafuatilia historia ya swali la pili katika programu zinazoegemea objekti, yaani programu ambamo data na kanuni za kuzishughulikia huwekwa katika kitengo kimoja. Hoja kuu ni kwamba katika historia hiyo kosa limepewa hatua kwa hatua umbo lake lenyewe, lakini kila hatua imekuwa na gharama yake.

Awali, kosa liliwakilishwa kwa thamani ya kawaida iliyopewa maana maalumu, mathalani namba hasi mahali palipotarajiwa namba chanya. Mwaka 1965, Tony Hoare aliingiza rejeo tupu katika lugha ya ALGOL W. Mwaka 2009 aliuita uamuzi huo kosa lake la dola bilioni moja. Udhaifu wa njia hii ulikuwa bayana: mwandishi wa programu aliposahau kuikagua thamani hiyo, kosa liliendelea na safari likidhaniwa kuwa data halali.

Hatua ya pili ilikuwa kulifanya kosa kuwa tukio linalokatiza mtiririko wa kazi. John Goodenough alichapisha uchambuzi wa msingi wa utaratibu huo mwaka 1975. Katika muongo huohuo, Barbara Liskov na wenzake wa MIT waliuingiza katika lugha ya CLU, ambamo kila utaratibu ulitaja hitilafu unazoweza kuzirusha. Java, iliyotolewa mwaka 1995, ilikwenda mbali zaidi kwa kumlazimisha mwandishi kushughulikia au kutangaza aina fulani za hitilafu. Kwa upande wake, Bertrand Meyer, katika lugha ya Eiffel, alitazama uhusiano wa objekti kama mkataba: mwitaji hutimiza masharti ya awali, na mwitwaji hutimiza matokeo. Hata hivyo, Meyer alisisitiza kwamba masharti hayo si chombo cha kukagua data zinazoingizwa na binadamu. Kuvunjwa kwa mkataba ni kasoro ya programu. Kukosea kwa mtumiaji ni jambo la kutarajiwa.

Uzito wa suala la uwakilishaji ulidhihirika nje ya programu za kiobjekti, tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ilipoharibika takriban sekunde 40 baada ya kuanza safari kutoka Kourou. Programu ya kupima mwelekeo, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada na kurithiwa kutoka Ariane 4, ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 kuwa ya biti 16. Namba haikutosha, hitilafu ikarushwa bila kushughulikiwa, na kifaa kikajizima. Kabla ya hapo kifaa cha akiba kilikuwa kimezimika kwa sababu ileile. Tume ya uchunguzi ilibaini jambo zito zaidi: taarifa ya hitilafu iliyotumwa kwenye kompyuta kuu ilisomwa kama data za safari, na roketi ikageuzwa kwa kufuata ujumbe wa kosa. Tukio lilitambuliwa, lakini taarifa yake haikuwa na umbo la kuitofautisha na data.

Hatua ya tatu ililenga mtumiaji. Katika mkusanyo wa ruwaza uitwao CHECKS, uliochapishwa mwaka 1995, Ward Cunningham alipendekeza objekti ziweze kubeba thamani zisizo za kawaida, na ukaguzi wa kina uahirishwe hadi hatua inayouhitaji. Ruby on Rails, iliyotolewa mwaka 2004, iliipa kila objekti orodha ya makosa yake. Kiwango cha Java cha JSR 303, kilichokamilishwa mwaka 2009, kilifanya kila ukiukaji kuwa objekti yenye thamani iliyokataliwa, mahali ilipo, na ujumbe. Mwaka 2014, Martin Fowler alitetea kukusanya makosa badala ya kurusha hitilafu, kwa kuwa anayejaza fomu yenye makosa matano hastahili kuelezwa moja baada ya jingine.

Kwa kuhitimisha, kuitenga kanuni iliyovunjwa na maneno ya kuieleza kumewezesha ujumbe uleule kutolewa kwa Kiswahili au lugha nyingine bila kugusa kanuni. Lakini orodha ya makosa inaweza kupuuzwa na mwitaji, kama ilivyopuuzwa namba hasi ya zamani; hitilafu inayorushwa haipuuziki kimyakimya. Kwa hiyo, taarifa haijachukua nafasi ya tukio. Kasoro ya programu inastahili kukatiza kazi. Kosa la mtumiaji linastahili kufafanuliwa. Mbunifu anayeyachanganya mawili haya humwonyesha mtumiaji maelezo yaliyokusudiwa mhandisi, au huiacha kasoro ipite bila mtu kuarifiwa.