Ndoto ya Graz na Mioyo Miwili ya Vyura

Usiku mmoja wa Pasaka, mjini Graz nchini Austria, Profesa Otto Loewi alizinduka usingizini, akawasha taa, akaandika maneno mawili matatu kwenye kipande cha karatasi, kisha akajilalia tena. Saa kumi na mbili asubuhi alikumbuka kwamba ameandika jambo zito. Akaichukua karatasi, mwandiko wake mwenyewe ukamshinda kusoma. Siku nzima aliigeuzageuza asiambulie kitu. Usiku wa pili, saa tisa, wazo likamrudia. Safari hii hakuiamini tena kalamu. Alinyanyuka akaenda moja kwa moja maabara.

Alitoa mioyo ya vyura wawili akaiweka kwenye maji ya chumvi, ambamo moyo wa chura huendelea kudunda. Wa kwanza aliuacha na neva yake ya vagasi, ile itokayo kichwani kuupunguzia moyo kasi. Wa pili haukuwa na neva. Akaitia neva ile umeme, na moyo wa kwanza ukalegeza mapigo. Hilo halikuwa geni. Kisha akayachota yale maji akayamimina kwenye moyo wa pili. Nao ukalegea, ingawa umeme haukuugusa kabisa.

Kumbe ndani ya maji mlikuwa na kitu kilichobeba ujumbe wa neva! Loewi alikitangaza mwaka 1921 kwa jina la Kijerumani, Vagusstoff, dutu ya vagasi. Ndiyo asetilikolini, ambayo Mwingereza Henry Dale alikuwa ameichunguza tangu 1914. Wengi walijaribu kurudia kazi ya Loewi wakashindwa, wakaitilia shaka. Mwaka 1926, kwenye kongamano la Stockholm, alilirudia jaribio mbele ya macho yao mara 18.

Mwaka huohuo Afrika nayo ikaingia katika hadithi hii. Ili dutu yake isivunjike upesi, Loewi alitumia eserini, sumu ya maharage ya Calabar, Nigeria. Huko mshukiwa alilishwa maharage hayo kama mwavi: akiyatapika hana hatia, akifa basi alikuwa mchawi. Kilichomuua mshukiwa ndicho kilichomsaidia profesa kuthibitisha hoja yake. Mwaka 1936 yeye na Dale walipewa Tuzo ya Nobel. Miaka miwili baadaye Wanazi walimtia Loewi gerezani kwa Uyahudi wake, na hawakumruhusu kuondoka nchini mpaka alipohamishia fedha za tuzo kwenye benki waliyoishika wao.

Lakini asetilikolini hiyohiyo inayoutuliza moyo ndiyo inayoukaza msuli wa mguu. Inakuwaje? Jibu limo kwenye vipokezi, vilango vilivyo juu ya seli, ambavyo John Langley wa Cambridge alivikisia mwaka 1905 alipokuwa akichezea nikotini na sumu ya mishale iitwayo kurare. Kipokezi cha moyo ni cha aina moja, cha msuli ni cha aina nyingine. Ujumbe ni mmoja. Anayeamua maana yake ni mpokeaji.

Hata hivyo moyo si ubongo, na ubishi kuhusu jinsi seli za neva zinavyopashana ujumbe uliendelea. Kambi moja iliitwa ya cheche, kwa kushikilia umeme. Nyingine ya supu, kwa kushikilia kemikali. Jogoo wa cheche alikuwa John Eccles. Mwaka 1951, huko Dunedin, New Zealand, alipenyeza sindano ya kioo kwenye seli ya uti wa mgongo wa paka, akakuta nadharia yake mwenyewe imeanguka. Alikubali, tena hadharani. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo cha kiungwana kuliko vyote katika kisa hiki.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa ya reserpini. Wakazubaa, masikio chini. Akawachoma sindano ya dopa, ambayo ubongo huigeuza dopamini, kemikali nyingine ya kubeba ujumbe, nao punde wakainuka. Mwaka 1960, mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz alipima bongo za marehemu waliougua Parkinson, maradhi ya kutetemeka, akakuta dopamini imekauka mahali inapohitajika. Mwaka uliofuata wagonjwa waliokuwa hawawezi kusimama walidungwa dopa wakatembea.

Dawa hiyo, levodopa, ingali kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ukiona mkono wa mzee wako unatetemeka akiwa ametulia, na hatua zake zimekuwa fupi, usiseme ni uzee tu. Mpeleke akaonwe na daktari.